Manhunt 2 mbele ya bodi ya Uingereza: kisa cha gemu iliyokataliwa mara mbili

Katika Manhunt 2 mchezaji humnyemelea adui kwa nyuma, akabonyeza kitufe na kukishikilia. Alama ndogo inayomkaa yule adui huanza nyeupe, ikawa ya njano, ikawa nyekundu. Ukiachia kitufe ikiwa nyeupe, mtu anauawa upesi. Ukiachia ikiwa ya njano, anauawa kwa ukatili zaidi. Ukithubutu kungoja nyekundu, huku ukijua wakati wowote anaweza kugeuka akakuona, gemu inakupa mauaji marefu ya kutisha, kamera ikisogea karibu. Kitufe ni kimoja kwa vifo vyote vitatu. Tofauti iko kwenye kidole: umekubali kungoja kiasi gani ili mtu afe vibaya zaidi.

Kwa maoni yangu, kitufe hicho ndicho kilichoifikisha gemu hii mahakamani. Watu wengi wanaamini bodi za kuainisha umri hukaa na kuhesabu damu: tone hapa, kichwa kule, basi weka 18. Ingekuwa hivyo, gemu nyingi zenye damu kuliko hii zisingepita. Kisa cha Manhunt 2 nchini Uingereza, kuanzia Juni 2007 hadi Oktoba 2008, kinaonyesha wanachokitazama hasa, na kinaonyesha pia walipojikwaa, maana bodi ililazimika kuieleza hukumu yake hadharani na kuitetea mbele ya kamati ya rufaa na mbele ya jaji.

Gemu ya kwanza, Manhunt, ilitoka mwaka 2003 kwa PlayStation 2, kazi ya kampuni ya Rockstar. New Zealand waliipiga marufuku Desemba mwaka huohuo. Australia waliiruhusu kwanza, kisha wakaikataa mwaka 2004. Uingereza ilipewa alama ya 18 na kuuzwa. Halafu, Februari 2004, kijana wa miaka 14 akauawa mjini Leicester na kijana mwenzake wa miaka 17, na magazeti yakaandika kwa herufi kubwa kwamba chanzo ni gemu. Polisi walisema chanzo ni wizi, na diski ya gemu ilikutwa chumbani kwa marehemu, wala si kwa muuaji. Jambo hilo linaniuma kila nikilisoma: mtoto amekufa, mama yake analia, na habari iliyobaki vichwani mwa watu ni ile isiyokuwa na ushahidi. Mpaka leo ukiitaja Manhunt kwa Mwingereza wa rika fulani, atakutajia Leicester.

Kwa hiyo Rockstar walipotangaza gemu ya pili, itoke Julai 2007 kwa PlayStation 2 ya Sony na Wii ya Nintendo, kila mtu alikuwa ameshakaa mkao wa kusubiri.

Hapa lazima nieleze sheria kidogo, maana bila hiyo kisa hakieleweki. Uingereza wakati ule gemu nyingi hazikupita kwenye bodi ya serikali wala ya sheria. Zilikuwa na alama za PEGI, mfumo wa Ulaya ulioanza mwaka 2003, na alama hizo hazikuwa na nguvu ya kumfunga muuzaji. Lakini gemu yenye ukatili mkubwa ilianguka ndani ya Sheria ya Rekodi za Video ya mwaka 1984, na hapo ilipaswa kwenda BBFC, bodi ileile inayoainisha filamu za sinema. BBFC ikikataa kutoa cheti, kuiuza gemu ni kosa la jinai. Mwaka 1994 sheria hiyo iliongezewa kifungu kinachoitaka bodi izingatie kwa namna ya pekee madhara yoyote yanayoweza kumpata mtazamaji, au kuipata jamii kupitia mwenendo wa mtazamaji huyo, kutokana na namna kazi inavyoshughulikia uhalifu, dawa za kulevya, ukatili, vitisho au ngono. Kifungu kinaendelea kusema kwamba mtazamaji anayezungumziwa ni yeyote anayeelekea kuiona kazi hiyo, akiwemo mtoto, hata kama cheti ni cha watu wazima.

Maneno mawili humo yamebeba kisa kizima. La kwanza ni "yanayoweza". La pili ni "namna". Bodi ilisimama juu ya "namna", na ikaenda mahakamani kwa sababu ya "yanayoweza".

Tarehe 19 Juni 2007 BBFC ilitangaza kuikataa Manhunt 2. Siku moja kabla yake Ireland ilikuwa imeipiga marufuku, na hiyo ikawa gemu ya kwanza kupigwa marufuku nchini humo. Kwa BBFC ilikuwa mara ya kwanza kukataa gemu tangu Carmageddon mwaka 1997, ile ya kugonga watembea kwa miguu kwa gari, ambayo kampuni yake ilikata rufaa na kushinda. Mkurugenzi wa bodi, David Cooke, alitoa maelezo marefu kuliko kawaida. Alisema kukataa kazi ni hatua nzito, kwamba kwa kawaida wanajaribu kwanza kuomba mabadiliko, na kwamba kwa gemu hii hawakuona pa kukata.

Ukiyasoma maelezo yale kwa makini utaona damu haimo miongoni mwa sababu kuu. Cooke alitaja hali ya giza isiyopumzika. Alitaja ubaridi wa moyo katika sauti nzima ya gemu. Alisema mazingira yote yanamsukuma mchezaji kuua, na kuua kwa ukatili, bila kitu cha kumpunguzia uzito wala cha kumweka mbali kidogo na kile anachokifanya. Alisema ukatili ule unalimbikizana.

Tuseme hilo kwa lugha ya mchezaji. Katika gemu nyingi za mauaji kuna mambo mengine ya kufanya. Unaendesha gari, unatatua fumbo, unapanda mlima, unasikiliza mzaha wa mwenzako, unapewa hadithi inayokufanya ujiulize uko upande gani. Unapokuja kuua, kile kifo kimezungukwa na vitu. Bodi ilisema katika Manhunt 2 kilichozunguka kifo ni kifo kingine. Daniel Lamb, mwanasayansi aliyepoteza kumbukumbu, anatoroka hospitali ya vichaa ya Dixmor akiongozwa na Leo Kasper, na Leo kazi yake kubwa ni kumnong'oneza aue. Cooke aliilinganisha hata na Manhunt ya kwanza: ile, alisema, ilikuwa tayari imefika juu kabisa ya kinachovumilika chini ya alama ya 18, na hii mpya imepungukiwa raha nyingine za kumpa mchezaji, na hadithi yake imekaa tofauti. Alikiri kwamba tofauti baina ya gemu hizo mbili isikuzwe kupita kiasi. Nampa heshima kwa kukiri hivyo, ingawa maneno hayo yalikuja kumgharimu.

Na Wii ilikuwa na lake. Kidhibiti cha Wii unakishika mkononi kama rungu, na gemu ilimtaka mchezaji aige kitendo kwa mkono: achome, apige, akate. Mwenye PlayStation anashikilia kitufe. Mwenye Wii anazungusha bega. Sijui kama bega linafundisha roho, lakini naelewa mchunguzi aliyekaa siku nzima akifanya vile, jioni akaenda nyumbani kwa mkewe na wanawe, akirudi na maandishi makali.

Palepale kuna jambo ambalo bodi haikulijibu vizuri. Miezi michache kabla, mwaka huohuo 2007, BBFC yenyewe ilichapisha utafiti iliouagiza kuhusu wachezaji, na sehemu ya matokeo yake ilikuwa kwamba ule ulazima wa kutenda ndani ya gemu unaelekea kumfanya mchezaji akumbuke zaidi kuwa anacheza, kuliko mtazamaji wa filamu anayebebwa na hadithi. Mchezaji anawaza atapitaje, adui yuko wapi, maisha yamebaki mangapi. Ukiuchukulia utafiti huo kwa uzito wake, hoja ya kitufe inapungua makali. Mimi bado naona hoja ya kitufe ina nguvu, ila ingebidi bodi iseme wazi kwa nini gemu hii inauvunja umbali ambao utafiti wake uliuona.

Marekani mambo yalikwenda kwa njia nyingine kabisa. Huko hakuna sheria. Kuna ESRB, chombo kilichoundwa na kampuni za gemu zenyewe mwaka 1994 baada ya maseneta kuzijia juu. Wachunguzi wa ESRB hawaichezi gemu. Kampuni inajaza fomu ndefu na kuleta video ya sehemu kali kuliko zote, na watu wasiopungua watatu wanaitazama. Waliipa Manhunt 2 alama ya AO, yaani watu wazima peke yao. Kwenye karatasi AO na M zinatofautiana kwa mwaka mmoja, 18 na 17. Sokoni tofauti yake ni uhai na kifo, kwa sababu Sony na Nintendo hawaruhusu gemu ya AO kwenye mashine zao na maduka makubwa hayaipangi rafuni. Ndani ya siku chache kampuni mama, Take-Two, ikasimamisha uzinduzi. Serikali haikupiga marufuku chochote, na gemu haikuuzwa.

Rockstar wakarudi mezani. Walichobadilisha kinafundisha kuliko maelezo yote ya bodi. Kwanza, juu ya yale mauaji ya kitufe waliweka ukungu: picha inakuwa nyekundu, inatikisika, inafifia, unasikia sauti lakini huoni vizuri. Pili, waliondoa alama za ushindi zilizokuwa zinampima mchezaji kwa ukatili wa mauaji yake. Agosti 2007 ESRB ikaipa toleo hilo M, na mwisho wa Oktoba likaingia madukani Marekani. Haukupita muda, wadukuzi wakapata namna ya kuuondoa ukungu kwenye toleo la PSP, mashine ndogo ya mkononi ya Sony, na maseneta wakaandika barua. ESRB ikajibu kwamba yaliyokuwa chini ya ukungu ilionyeshwa tangu mwanzo.

BBFC ilipoletewa toleo hilohilo, tarehe 8 Oktoba 2007, ililikataa tena. Ilisema picha zimepunguzwa kweli, lakini sauti ya gemu ni ileile na mchezo wenyewe ni uleule.

Hapa msimamo wangu uko na bodi, na ningependa nieleweke vizuri. Ukungu ni dawa ya mtu anayehesabu damu. Kama tatizo ni kile jicho linachokiona, basi funika jicho. Lakini kama tatizo ni kile mkono unachoombwa kufanya na kinachosifiwa baada ya kufanywa, ukungu haujagusa kitu: bado unangoja nyekundu, bado unajua kinachotokea, na sauti inakumalizia kazi. Mabadiliko yenye maana yalikuwa yale ya pili, kuondoa alama, ambayo magazeti karibu hayakuyaongelea. Alama ilikuwa sauti ya mtengenezaji ikimwambia mchezaji: vizuri, ongeza. Kuinyamazisha sauti hiyo kunabadilisha gemu kuliko kumwaga lita kumi za ukungu. Ningekuwa mchunguzi, hapo ndipo ningeketi.

Rockstar walikata rufaa kwenye Kamati ya Rufaa za Video, chombo huru kilichowekwa na sheria ileile. Tarehe 10 Desemba 2007 kamati ikawapa ushindi kwa kura 4 dhidi ya 3. Kura moja! BBFC haikukubali, ikaenda Mahakama Kuu kuomba uamuzi upitiwe, na kabla ya Krismasi ikapata amri ya kusimamisha cheti.

Tarehe 24 Januari 2008 Jaji Wyn Williams akaamua kwamba kamati ilikosea kisheria. Mvutano ulikuwa juu ya lile neno "yanayoweza". Kamati ilikuwa imeyapima madhara kama kitu ambacho bodi inapaswa kukithibitisha: tuonyeshe nani ameumizwa na gemu kama hii. Bodi ikasema sheria haikuandika madhara yaliyotokea. Imeandika madhara yanayoweza kutokea, na bodi haiwezi kungoja maiti ndipo ikatae cheti. Jaji akakubaliana na bodi, akairudisha kesi kwa kamati iitazame upya kwa kipimo sahihi.

Basi kamati ikatazama upya. Ikatumia kipimo cha jaji, ikayapima madhara yanayoweza kutokea, na mwezi Machi 2008 ikasema vilevile: ipewe cheti. BBFC ikatangaza kwamba haina njia nyingine ila kutoa alama ya 18. Gemu ikaingia madukani Uingereza tarehe 31 Oktoba 2008, kama mwaka mzima baada ya Marekani, ikiwa na ukungu wake.

Nimekizungusha kisa hiki kichwani kwa muda mrefu. Nadhani bodi iliisoma gemu sawasawa kuliko yeyote mwingine mezani. Iliona namna, ilikataa kudanganywa na ukungu. Ilipokosea ni pale iliporuka kutoka kwenye usomaji huo mzuri kwenda kwenye tamko kwamba gemu hata ikifungiwa kwa watu wazima tu haifai kupatikana. Mtu wa miaka 30 anayetaka kuogopeshwa chumbani kwake usiku anahitaji sababu nzito kuliko "tumeona giza lisilopumzika" kabla hujamnyang'anya. Kuna filamu zenye giza hilohilo zilizopata 18 kutoka bodi hiyohiyo. Na bodi ilipokuwa imekiri kwamba gemu ya kwanza na ya pili hazitofautiani sana, ilijifungia mlango: ya kwanza ilikuwa inauzwa kwa miaka minne na jamii ilikuwa bado imesimama.

Hoja yenye nguvu zaidi ya bodi ilikuwa mtoto, yule mtoto aliyeandikwa ndani ya kifungu. Na hapo siwezi kubishana nayo, kwa sababu nimemwona.

Mwaka 2009 hivi, Magomeni, Dar es Salaam, kulikuwa na kibanda cha gemu nilichokuwa napita nikitoka kazini. Televisheni nne, PS2 zilizochipiwa, mabenchi ya mbao, kila nusu saa kwa hela ya soda. Diski zilikuwa nyeupe, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, hakuna ganda, hakuna alama ya bodi yoyote duniani. Jioni moja mvulana wa kama miaka 11, bado ana sare ya shule, alikuwa kwenye Manhunt 2 na wenzake watatu wamemwegemea mabegani. Kidole kiko kwenye kitufe. Wenzake wanamwambia kwa sauti moja, "Ngoja. Ngoja. Ngoja!" Ilipogeuka nyekundu akaachia, ukungu ukaja, sauti ikaja, na wote wanne wakapiga makofi. Alama zilikuwa zimeondolewa kwenye gemu. Wenzake walikuwa wamezirudisha.

Nilimwuliza mwenye kibanda kama anaona gemu ile inamfaa mtoto. Alikuwa mtu mzima, mstaarabu, alinipa hata kiti. "Kaka," akaniambia, "mimi hapa najua aliyelipa na asiyelipa. Hizo namba za umri sijawahi kuziona kwenye diski." Alikuwa anasema kweli. Ugomvi wote wa London, kamati, jaji, kura moja, ulikuwa umezaa namba moja kwenye ganda la plastiki, na ganda halikufika Magomeni. Nilimwambia basi aweke diski ile kwa wakubwa wanaokuja usiku. Aliitikia. Sikurudi kuhakikisha, na ninajilaumu kwa hilo.

Uingereza wenyewe waliliona tatizo la ganda. Machi 2008, mwezi uleule kamati ilipotoa uamuzi wake wa mwisho, mwanasaikolojia Dkt. Tanya Byron alikabidhi serikali ripoti yake kuhusu watoto, intaneti na gemu, na mjadala ukahama kutoka "tuikatae ipi" kwenda "mzazi anaielewaje alama". Kisha Agosti 2009 ikagundulika kwamba ile Sheria ya Rekodi za Video ya mwaka 1984 haikuwahi kuarifiwa Tume ya Ulaya kama ilivyotakiwa, na kwa miaka 25 ilikuwa haitekelezeki mahakamani. Bunge likaipitisha upya kwa haraka mapema 2010. Na Julai 2012 kazi ya kuainisha gemu iliondolewa BBFC. Alama za PEGI zikapewa nguvu ya sheria, chini ya chombo kingine kinachoitwa Video Standards Council. Chombo hicho nacho kina mamlaka ya kunyima cheti.

PEGI hutumia maswali yaliyoandikwa tayari, na kwa ukatili maswali hayo yanauliza: je, anayepigwa ni kiumbe cha kubuni au ni binadamu? Je, pigo linaonekana kama lingekuwa la kweli? Ngazi ya juu, ya 18, inawekwa kwa ukatili uliokithiri, kwa mauaji yasiyo na sababu ya wazi, na kwa ukatili dhidi ya asiyeweza kujitetea. Hayo mawili ya mwisho yanahusu namna, na yangemkumbusha mchunguzi yeyote wa 2007 mtu aliyenyemelewa kwa nyuma. Lakini swali la kitufe halimo: hakuna panapoulizwa kama gemu inamlipa mchezaji zaidi kwa kungoja.